Afisi yaweza kuokoa umeme bila mfanyakazi kutokwa jasho wala kutetemeka

SAA nane za mchana mwezi wa Februari, taa huwa zingali zinawaka katika afisi nyingi ndogo za orofa ya chini mtaani Pipeline, Embakasi, jijini Nairobi. Nje jua ni kali, lakini ndani ni giza kwa sababu jengo la jirani limesimama hatua chache tu kutoka dirishani. Mhudumu wa M-Pesa, karani wa chama cha akiba, mwalimu mkuu wa shule ya kibinafsi iliyokodisha orofa mbili, na daktari wa zahanati ya mtaa hufanya kazi katika vyumba ambavyo hewa haipiti, huku feni ikizungusha joto lile lile na mita ya tokeni ikihesabu.

Kilomita chache kutoka hapo, katika majengo ya vioo yaliyo kando ya Barabara ya Mombasa, hali ni kinyume. Katika majengo yaliyotiwa viyoyozi, si ajabu kumwona karani amevaa sweta saa hizo hizo za mchana, kwa kuwa mashine imewekwa kwenye nyuzi 18 na hakuna anayethubutu kuigusa. Jioni karani huyo huyo, pamoja na bawabu na mfagizi wa jengo hilo, huenda akateremka katika kituo cha Pipeline na kupanda ngazi hadi orofa ya saba, ambako saruji iliyochomwa na jua kutwa nzima inamsubiri kwa joto lake.

Afisi hizo mbili zina kasoro moja. Zote zinatumia umeme kurekebisha makosa ya ujenzi na ya mazoea, na hakuna kati yazo inayompa mfanyakazi raha aliyostahili kuipata bila malipo. Nairobi ni miongoni mwa miji michache ulimwenguni ambako maumbile yenyewe yamekwisha kufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Hali ya hewa isiyohitaji mashine

Jiji la Nairobi liko karibu na mstari wa ikweta, lakini limeinuka takriban mita 1,700 juu ya bahari. Ndiyo maana wastani wa halijoto yake kwa mwaka ni karibu nyuzi 19 katika kipimo cha Selsiasi, tofauti kabisa na Mombasa au Kisumu. Katika miezi ya Februari na Machi, joto la mchana hufika nyuzi 26 hadi 28. Mwezi wa Julai halizidi sana nyuzi 21, na alfajiri hushuka hadi nyuzi 11 au 12. Jambo muhimu zaidi ni kwamba hata katika miezi ya joto, usiku huwa na ubaridi.

Kwa hivyo, afisi ya Nairobi inapochemka, mara nyingi chanzo si anga. Joto hilo limeingia kupitia kioo na paa, au limezalishwa humo humo ndani na watu, taa na mitambo, kisha likakosa pa kutokea. Anayeelewa jambo hilo hataanza kwa kununua kiyoyozi. Ataanza kwa kuuliza joto linaingilia wapi na linazuiwa na nini lisitoke.

Swali hilo lina uzito kwa ulimwengu mzima. Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria katika ripoti yake ya mwaka wa 2018 kwamba viyoyozi na feni hutumia takriban asilimia 10 ya umeme wote duniani. Kadiri miji ya nchi zenye joto inavyokua na watu wake wanavyopata uwezo, ndivyo mashine hizo zinavyoongezeka.

Raha ya mwili haipimwi kwa nyuzi pekee

Watu wengi hudhani kwamba kipimajoto kikisoma nyuzi 24, kila mtu chumbani ataridhika. Sivyo. Mtaalamu wa Denmark, Ole Fanger, aliyechapisha kitabu chake kuhusu suala hili mwaka wa 1970, alionyesha kwamba mwili huhisi joto au baridi kutokana na mambo sita yanayofanya kazi kwa pamoja. Manne ni ya chumba: joto la hewa, joto linalotoka kwenye kuta, dari na vioo vilivyo karibu, kasi ya upepo, na unyevu uliomo hewani. Mawili ni ya mtu mwenyewe: mavazi yake na kazi anayoifanya.

Hii ndiyo sababu mtu aketiye kando ya dirisha linalopigwa na jua la alasiri hulalamika hata kiyoyozi kikiwa kinanguruma. Hewa inayomzunguka ni baridi, lakini kioo kinamchoma. Ndiyo sababu pia mtu aliye chini ya feni huhisi nafuu ilhali feni haipunguzi joto la chumba hata kidogo. Upepo huondoa jasho na joto kwenye ngozi, na upepo mwanana wa chini ya mita moja kwa sekunde humpa mtu nafuu inayolingana na kupunguza halijoto kwa nyuzi mbili au tatu hivi.

Baadaye watafiti wengine, wakiwemo Richard de Dear na Gail Brager, walichunguza watu walio katika majengo yanayotegemea madirisha badala ya mashine. Waligundua kwamba watu hao huzoea hali ya hewa ya kwao na kuridhika na viwango vingi zaidi vya joto, mradi wana uwezo wa kufungua dirisha, kubadili mavazi au kuwasha feni wenyewe. Matokeo hayo yaliingizwa mwaka wa 2004 katika kanuni za chama cha Marekani cha wahandisi wa mitambo ya joto na baridi, ambazo hufuatwa katika nchi nyingi. Kwa kutumia kanuni hiyo, mahali penye wastani wa nyuzi 19 kama Nairobi, watu wanane kati ya kumi wataridhika na chumba chenye nyuzi kati ya 20 na 27. Hicho ni kiwango ambacho jengo lililojengwa vyema jijini humo laweza kukidumisha kwa sehemu kubwa ya mwaka bila mashine yoyote.

Kuna pia suala la nani anayetumiwa kama kipimo. Mwaka wa 2015, watafiti wawili wa Uholanzi, Boris Kingma na Wouter van Marken Lichtenbelt, walieleza katika jarida la Nature Climate Change kwamba viwango vya ubaridi afisini viliwekwa katika miaka ya 1960 kwa kumfikiria mwanamume wa umri wa miaka 40 mwenye uzito wa kilo 70. Mwili wa mwanamke anayefanya kazi nyepesi ya afisi huzalisha joto kidogo kuliko ilivyokadiriwa. Malalamiko ya wafanyakazi wa kike kwamba afisi ina baridi kupita kiasi hayatokani na kudeka. Yana msingi wa kisayansi, na mwajiri anayeyasikiliza hupunguza pia gharama yake ya umeme.

Jua la ikweta na ukuta wa magharibi

Katika Nairobi, jua la adhuhuri huwa karibu na utosi. Mwezi wa Juni huegemea kaskazini kidogo na Desemba huegemea kusini. Hivyo, dirisha linalotazama kaskazini au kusini huweza kukingwa kwa urahisi kwa kijidari kifupi cha saruji au bati lililotokeza juu yake. Balaa huwa upande wa mashariki na hasa magharibi, kwani jua la asubuhi na la jioni huja likiwa chini na kupenya moja kwa moja hadi mezani. Kijidari cha juu hakilizuii.

Kutokana na hilo, kanuni ya kwanza ya msanifu majengo ni kuelekeza pande ndefu za jengo kaskazini na kusini, kisha kupunguza vioo upande wa magharibi. Majengo mengi ya vioo yaliyoinuliwa jijini yalipuuza kanuni hiyo yakiiga mitindo ya miji ya ng'ambo, ambako kioo hutafuta joto la jua badala ya kulikwepa. Gharama ya kuiga huko hulipwa kila mwezi pamoja na ankara ya stima.

Pazia la ndani lina msaada mdogo kwa sababu joto huwa limekwisha kupita kwenye kioo. Kinga inayofaa ni ile ya nje: mti, turubai, ubao wa vipande vya mlalo, au matofali yenye matundu. Wenyeji wa pwani walilijua hilo zamani. Nyumba za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar zina kuta nene, ua wa katikati na vichochoro vyembamba vinavyotiana kivuli.

Kitendawili cha Pipeline

Ukitazama kwa macho hayo, Pipeline ni kitendawili. Mtaa huu, uliopata jina lake kutokana na mitambo ya mafuta iliyo jirani, umejaa majengo ya orofa saba, nane na zaidi yaliyobanana katika ploti ndogo. Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu watu karibu milioni moja katika kaunti ndogo ya Embakasi, na Pipeline ni miongoni mwa sehemu zake zilizosongamana zaidi.

Majengo hayo hutiana kivuli kama vichochoro vya Lamu, na kwa sababu hiyo orofa za chini hazipigwi na jua. Lakini Lamu ina ua ulio wazi juu na upepo wa bahari, ilhali Pipeline kivuli hicho kimekuja pamoja na giza na hewa iliyokwama. Dirisha la chumba likitazama ukuta wa jirani, au likifunguka kwenye ujia wa ndani, halileti mwangaza wala upepo. Mwenye afisi hulazimika kuwasha taa kuanzia asubuhi hadi jioni, na taa hizo nazo humwongezea joto.

Katika orofa ya juu kabisa mambo hugeuka. Huko kuna mwangaza na upepo, lakini paa la saruji au la mabati hupokea jua la utosini kwa saa nyingi. Saruji hunyonya joto polepole na kuliachilia polepole, na hivyo chumba huwa na joto kali zaidi jioni kuliko adhuhuri. Mabati yasiyo na dari hupitisha joto papo hapo.

Hata hivyo, majengo mengi ya mtaa huo yana kiungo ambacho kingeweza kuwa dawa. Ni ule uwazi wa katikati ya jengo, unaoanzia chini hadi paani, ambao wapangaji huutumia kuanikia nguo. Kwa tabia ya hewa, joto hupanda. Uwazi huo ukiachwa wazi juu, au ukifunikwa kwa paa lililoinuliwa ili hewa itoke pembeni, hufanya kazi kama bomba la moshi: hewa yenye joto hupanda na kutoka, nayo hewa baridi huvutwa kutoka mlangoni na madirishani. Ukizibwa juu kwa mabati au karatasi ya plastiki ili kuzuia mvua, au ukijazwa takataka chini, jengo zima hukosa pumzi.

Somo la Gigiri, Lang'ata na Harare

Kanuni hiyo hiyo ya hewa kupanda ndiyo iliyotumiwa katika jengo linalosifika zaidi jijini kwa suala hili. Mnamo Machi 2011, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Ban Ki-moon, pamoja na Rais wa wakati huo, Mwai Kibaki, walifungua afisi mpya za umoja huo huko Gigiri, zilizokusudiwa wafanyakazi 1,200. Afisi hizo zilisanifiwa kuwa na uwazi mkubwa wa katikati unaoingiza mwangaza na kuvuta hewa yenye joto hadi juu, madirisha yanayofunguliwa kwa mkono, taa zinazojizima chumba kisipokuwa na mtu, na mitambo ya jua yenye uwezo wa takriban kilowati 500 juu ya paa. Vyumba vya wafanyakazi havikuwekewa viyoyozi.

Katika mtaa wa Lang'ata, Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki kilijenga maktaba na kituo cha masomo kinachopoza hewa kwa kuipitisha juu ya mawe yaliyo chini ya jengo. Mawe hayo hupozwa kwa maji na ubaridi wa usiku, na mchana huipokonya hewa joto lake kabla haijawafikia wasomaji.

Jijini Harare, Zimbabwe, msanifu Mick Pearce alisanifu jengo la Eastgate lililokamilika mwaka wa 1996. Usiku, feni huvuta hewa baridi na kuipitisha kwenye mapengo ya sakafu za saruji. Mchana saruji hiyo iliyopoa hunyonya joto la watu na mitambo. Harare, kama Nairobi, iko kwenye nyanda za juu ambako usiku huwa na ubaridi, na ndiyo maana mbinu hiyo ilifaulu bila viyoyozi vya kawaida.

Mwenye afisi ndogo hawezi kujenga Eastgate, lakini aweza kuiga msingi wake. Tundu la hewa lililo juu ya mlango au karibu na dari, likiwekewa nondo za kuzuia wezi na wavu wa kuzuia mbu, laweza kuachwa wazi usiku kucha. Saruji itapoa, na asubuhi chumba kitaanza kazi kikiwa na akiba ya ubaridi. Panapowezekana, tundu la kuingizia hewa liwe chini upande mmoja na la kutolea liwe juu upande wa pili. Dirisha moja pekee haliwezi kufanya kazi zote mbili ipasavyo.

Ni kweli kwamba kufungua dirisha Pipeline kuna gharama yake: vumbi la Outer Ring Road, kelele za matatu na ndege, na harufu ya mitaro iliyoziba. Usafi wa mitaro na barabara ni sehemu ya suala la nishati pia. Mfanyakazi anayefunga dirisha kwa sababu ya uvundo atawasha feni, na mwenye uwezo atanunua kiyoyozi.

Hesabu ya joto lililo chumbani

Mtu mmoja aliyeketi huzalisha joto la takriban wati 100. Chukua mfano wa afisi yenye watu wawili, kompyuta mbili kubwa za mezani zinazotumia wati 150 kila moja, na taa nne ndefu za zamani za wati 40. Watu watatoa wati 200, kompyuta 300 na taa 160. Jumla ni wati 660, sawa na kuwasha pasi kwa zaidi ya nusu ya nguvu yake ndani ya chumba kidogo kutwa nzima.

Kompyuta hizo zikibadilishwa kwa zile za kubebeka, zinazotumia takriban wati 40, na taa zikawa za LED za wati 18, jumla itashuka hadi wati 352. Mwenye afisi huwa amepunguza stima, na papo hapo amepunguza joto karibu kwa nusu bila kununua chombo chochote cha kupoza. Kila uniti inayookolewa kwenye taa huokoa pia sehemu ya ile ambayo ingetumiwa kuondoa joto la taa hiyo.

Kuhusu feni na kiyoyozi, tofauti ni kubwa. Feni ya wati 60 ikizunguka saa nane kwa siku, siku 22 kwa mwezi, itatumia chini ya uniti 11. Kiyoyozi kidogo kinachotumia kilowati moja kitameza uniti 176 kikifanya kazi mfululizo kwa muda huo, na hata kikijizima nusu ya wakati, uniti 88. Iwapo uniti moja itagharimu Sh30 pamoja na kodi na ada nyinginezo, hiyo ni takriban Sh320 kwa feni dhidi ya Sh2,640 kwa kiyoyozi. Kwa mwenye duka la M-Pesa anayeishi kwa kamisheni ndogo ndogo, tofauti hiyo si haba.

Feni nayo ina masharti yake. Humpoza mtu, si chumba, na kwa hivyo kuiacha ikizunguka katika chumba kitupu ni kutupa pesa. Na pale ambapo hewa ya nje ina ubaridi kuliko ya ndani, feni iliyowekwa dirishani ikisukuma hewa ya ndani nje itafaa kuliko ile inayokoroga hewa iliyokwama katikati ya chumba.

Panapohitajika kiyoyozi

Kuna mahali ambapo kiyoyozi hakiepukiki: chumba cha mitambo ya kompyuta, maabara, ghala la dawa, au ukumbi uliozingirwa na vioo visivyofunguka. Hata hapo kuna njia za kupunguza gharama. India, kwa mfano, iliamuru kwamba kuanzia Januari 2020 viyoyozi vipya vya vyumbani vyenye nembo ya viwango vya nishati viuzwe vikiwa vimewekwa kwenye nyuzi 24. Wataalamu wa nchi hiyo wanakadiria kwamba kila kiwango kimoja kinachoongezwa hupunguza matumizi ya umeme kwa karibu asilimia 6. Kutoka nyuzi 18 hadi 24, akiba hiyo ni takriban thuluthi moja.

Japan ilifuata njia ya mavazi. Mwaka wa 2005 serikali yake ilianzisha kampeni ya Cool Biz, iliyowataka watumishi wa umma kuvua tai na koti wakati wa kiangazi ili afisi ziweze kuachwa kwenye nyuzi 28. Katika Kenya, ambako suti nzito bado ni alama ya heshima, mameneja wengi huvaa koti kisha wakawasha mashine iwapoze.

Kiyoyozi kisichosafishwa vichujio vyake hutumia umeme mwingi na kupoza kidogo. Gesi iliyomo ikivuja, hasara huwa kubwa zaidi. Gesi ya R-410A, inayotumiwa katika mashine nyingi, huongeza joto la dunia zaidi ya mara 2,000 ikilinganishwa na kiasi sawa cha kaboni dioksidi. Makubaliano ya Kigali ya mwaka wa 2016 yalinuia kupunguza gesi za aina hiyo hatua kwa hatua. Fundi anayeiachilia hewani ili ajaze nyingine hafai kuitwa tena.

Baridi ya Julai na hatari ya jiko

Afisi za Nairobi huhitaji joto kidogo kuanzia Juni hadi Agosti. Hita ya umeme ya kilowati mbili ikiwashwa saa nne kwa siku, siku 22, itatumia uniti 176, sawa na kiyoyozi kilichowaka mwezi mzima. Kuziba nyufa za mlango, kusogeza meza karibu na dirisha linalopata jua la asubuhi, na kuvaa sweta hutosha kwa wengi. Kwa mtu aketiye mahali pamoja, kuipasha joto miguu yake kwa kifaa kidogo ni nafuu kuliko kukipasha chumba kizima.

Lililo muhimu kuliko yote ni kwamba jiko la makaa lisiingizwe katika chumba kilichofungwa, liwe la kupikia chai au la kuotea moto. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo humlaza mtu usingizi asiamke. Mabawabu wanaokesha katika vibanda vidogo wamo katika hatari kubwa zaidi. Mwajiri anayekata umeme wa kibanda ili kuokoa pesa, kisha akafumbia macho jiko, hajaokoa chochote.

Hewa safi isigeuzwe kafara

Kuokoa nishati hakuna maana ya kuziba kila tundu. Ugonjwa wa kifua kikuu huenea kupitia hewa katika vyumba visivyopitisha upepo, na janga la Covid-19 lililoingia nchini Machi 2020 liliwakumbusha wengi somo hilo. Viyoyozi vingi vidogo vya ukutani haviingizi hewa mpya. Huzungusha ile ile iliyomo. Mtu anayesinzia saa tisa za mchana katika afisi iliyofungwa huenda hajashindwa na chakula cha mchana. Huenda anavuta pumzi zilizokwisha kuvutwa na wenzake.

Katika zahanati na shule za Pipeline, kwa hivyo, madirisha yanayofunguka pande mbili ni kinga ya afya kabla hayajawa njia ya kupunguza gharama.

Mwenye jengo hajui ankara ya mpangaji

Swali gumu ni la nani atakayelipia marekebisho. Mwenye jengo ndiye anayeweza kupaka paa rangi nyeupe, kuinua kifuniko cha uwazi wa katikati au kutoboa tundu la hewa. Lakini anayelipa tokeni ni mpangaji, na mwenye jengo haoni faida yake. Mpangaji naye hataki kutumia akiba yake kukarabati jengo ambalo aweza kufukuzwa mwezi ujao. Katikati ya wawili hao, umeme hupotea.

Sheria zimegusa suala hili kutoka upande wa wakubwa. Kanuni za usimamizi wa nishati za mwaka wa 2012 ziliwataka wenye majengo na viwanda vinavyotumia angalau uniti 180,000 kwa mwaka kufanyiwa ukaguzi wa nishati kila baada ya miaka mitatu, na kutekeleza angalau nusu ya akiba iliyobainishwa. Afisi ya Pipeline haiwezi kufikia kiwango hicho. Kinachoigusa zaidi ni Kanuni ya Kitaifa ya Majengo ya mwaka wa 2024, iliyoanza kutumika Machi 1, 2025 na kuchukua nafasi ya kanuni zilizodumu tangu mwaka wa 1968. Hata hivyo, kanuni za zamani nazo zilidai mwangaza na hewa, na majengo ya Pipeline yaliinuka zikiwepo. Mtihani wa kanuni mpya, kwa hivyo, hautakuwa katika kurasa zake bali katika ukaguzi wa ploti moja baada ya nyingine kabla zege halijamwagwa.

Kwa majengo yaliyokwisha kusimama, hatua zilizo karibu ni zile zisizohitaji kibali cha yeyote: taa za LED, kompyuta zinazozimwa jioni, kuta za ndani zilizopakwa rangi nyeupe ili zisambaze mwangaza mchache uliopo, tundu la juu linaloachwa wazi usiku, na makubaliano kati ya wafanyakazi kuhusu nani ataketi wapi. Wapangaji wakiungana, waweza pia kumkabili mwenye jengo kuhusu paa na uwazi wa katikati, kwa kuwa hayo mawili hugusa kila chumba.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Pipeline imekwisha kujenga kuta za kutosha. Linalohitajika sasa ni kufungua tundu mahali panapofaa, kabla ya kununua mashine ya kufanya kazi ambayo upepo wa Nairobi ungeifanya bure.